Kodi (katika muziki)

Kodi ni sauti tatu au zaidi za muziki zinazosikika kwa pamoja. Isichanganywe na kodi ya nyumba wala ya serikali. Kwenye kinanda cha umeme, kodi ya meja huundwa kwa kupanda kutoka sauti ya msingi vitufe vinne, vyeupe na vyeusi vikihesabiwa, kisha vitatu: do, mi, so. Kodi ya maina hutanguliza vitatu, kisha vinne: la, do, mi. Kwa msingi uleule, hutofautiana kwa sauti ya kati tu. Kwa desturi, herufi tupu, kama C, humaanisha meja; hivyo mfasiri akidondosha neno «maina», mpigaji atapiga kodi nyingine, na waimbaji watapotea.