Makelele, Vifaa vya Kusikia na Uwazi wa Usemi wa Kiswahili

Katika Kiswahili, sentensi atakuja na sentensi hatakuja hutofautiana kwa sauti moja tu, nayo ni h. Sauti hiyo ni miongoni mwa konsonanti zilizo hafifu kabisa. Hukaa mwanzoni mwa neno, mbali na silabi ya pili kutoka mwisho ambayo ndiyo ibebayo mkazo, na si wasemaji wote waitamkao kwa nguvu. Hata hivyo, ndiyo itengayo kuja na kutokuja. Mzee ambaye masikio yake yamepungua nguvu, aketipo katika kikao cha jamaa huku watu wanazungumza pande zote, aweza kuambiwa kwamba mwanawe hatakuja, naye akakesha akimngoja. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi vifaa vya kusaidia kusikia vinavyopambana na makelele, mpaka wa uwezo wa vifaa hivyo, na sehemu ya kazi hiyo inayobakia kuwa ya wataalamu wa lugha.

Watu wengi hudhani kwamba asiyesikia vizuri huhitaji tu sauti kubwa. Dhana hiyo ina ukweli nusu. Mnamo mwaka 1978 mtaalamu wa Uholanzi, Reinier Plomp, alieleza kwamba upungufu wa kusikia una sehemu mbili: sauti hufifia, na sauti huharibika. Kuikuza sauti hutibu sehemu ya kwanza. Ya pili husalia, kwa sababu sikio la ndani lililodhoofika haliwezi tena kutenganisha barabara sauti zinazokaribiana. Kwa hiyo mtu huyo huyo husikia vyema akizungumza na mwenzake chumbani, lakini hupotea kabisa sokoni au arusini. Kifaa kikuzacho kila kitu hukuza usemi na makelele pamoja.

Aidha, makelele hayazidhuru sauti zote za lugha kwa kiasi kimoja. Irabu zina nguvu nyingi, na sehemu kubwa ya nguvu hiyo imo katika mawimbi mazito, yaani yaliyo chini ya hezi 1,000. Konsonanti kama s na f ni dhaifu, na utambulisho wao umo katika mawimbi membamba, ambayo ndiyo hutangulia kupotea uzeeni. Tena makelele mazito, kama ngurumo ya injini, yana tabia ya kuzifunika hata sauti zilizo nyembamba kuyashinda. Hivyo msikilizaji huweza kuupata wimbo wa sentensi asiyapate maneno yake.

Uchunguzi wa George Miller na Patricia Nicely uliotolewa mwaka 1955 ulilifafanua jambo hili kwa kutumia konsonanti 16 za Kiingereza. Ilidhihirika kwamba katika makelele, sifa ya unazali na sifa ya mghuno hudumu kwa muda mrefu, lakini mahali pa kutamkia hupotea mapema. Ikiwa hali ni hiyo katika Kiswahili pia, basi msikilizaji hatachelea sana kuchanganya anapika na atapika, kwa kuwa n ni nazali na t ni kipasuo. Atakayemtatiza zaidi ni paa, taa na kaa, maana maneno hayo hutengana kwa mahali pa kutamkia peke yake.

Vifaa vya kidijitali, ambavyo vilianza kuuzwa kwa wingi tangu mwaka 1996, hupunguza makelele kwa njia ifuatayo. Sauti iingiayo hugawanywa katika mikondo kadhaa kufuata uzito na wembamba wa mawimbi, na kila mkondo hupimwa mara kwa mara. Usemi hupanda na kushuka kadiri silabi zinavyofuatana, takriban mara nne au tano kwa sekunde. Mvua ipigayo juu ya mabati, au feni izungukayo, haina mpando wala mshuko wa namna hiyo, hutiririka tu. Kifaa kikikuta mkondo unaotiririka huuhesabu kuwa makelele na kuupunguza.

Njia hii ina kasoro mbili. Kwanza, ikiwa usemi na makelele vimo katika mkondo mmoja, kuupunguza mkondo huo ni kuvipunguza vyote viwili, na uwiano baina yao haubadiliki. Ndiyo sababu watumiaji husema kwamba wanapata nafuu na hawachoki upesi, lakini idadi ya maneno wayatambuayo haiongezeki sana. Pili, makelele yasumbuayo kupita yote ni mazungumzo ya watu wengine, nayo yana silabi kama zile za msemaji anayesikilizwa. Colin Cherry alilichunguza tatizo hilo mwaka 1953: mtu mwenye masikio mazima huweza kuchagua sauti moja kati ya nyingi, ilhali mashine hushindwa kujua ni ipi itakiwayo.

Njia iletayo faida kubwa zaidi ni ya kutumia mwelekeo na umbali. Maikrofoni mbili zikiwekwa katika kifaa kimoja, sauti itokayo nyuma huzifikia kwa kupishana kidogo, na kifaa huutumia mpishano huo kuifuta. Bora zaidi ni maikrofoni ndogo iwekwayo karibu na kinywa cha msemaji, kwani mahali pa wazi kila umbali upunguzwapo kwa nusu sauti huongezeka kwa desibeli 6. Katika miaka ya 2020 vimetokea pia vifaa vilivyofunzwa kwa mifano mingi ya sauti ili vitenge usemi na makelele. Hapo wanaisimu wana haki ya kuuliza: ni usemi wa lugha zipi uliotumiwa katika mafunzo hayo?

Swali hilo si la bure. Mwaka 1994 Denis Byrne na wenzake walipima wastani wa nguvu za usemi katika lugha 12, na Kiswahili hakikuwamo. Waliona kwamba wastani huo hufanana sana kutoka lugha hadi lugha. Lakini wastani hauonyeshi ni sauti ipi iliyobebeshwa mzigo wa sarufi. Katika jambo hili Kiswahili kina ngao yake na kina udhaifu wake. Ngao ni upatanisho wa kisarufi. Katika sentensi vitabu vyangu viwili vimepotea, alama ya ngeli imetajwa mara nne. Makelele yakiimeza moja, tatu zilizobaki zatosha kuirejesha. Udhaifu umo katika ukanushi wa nafsi ya pili na ya tatu umoja. Utakula na hutakula, atalipa na hatalipa, hutengwa na h peke yake, na hakuna kiambishi kingine katika neno kinachorudia habari hiyo.

Kutokana na hayo, kifaa hakiwezi kuhukumiwa kuwa kinafaa wasemaji wa Kiswahili kwa kupimwa kwa maneno ya Kiingereza tu. Orodha za maneno ya majaribio zapasa kuwa na jozi kama paa na taa, na sentensi za kukubali zikiwa sambamba na za kukanusha, zikisomwa kwa matamshi ya pwani na ya bara, mbele ya makelele yanayojulikana na wasikilizaji wenyewe. Kuzitunga ni kazi ya fonolojia na sarufi kabla ya kuwa kazi ya fundi.

Hadi hapo, dawa iliyo karibu imo katika mazungumzo yenyewe. Msemaji amsogelee msikilizaji, amwelekee uso ili midomo yake ionekane, na asiuache ukanushi utegemee sauti moja dhaifu. Akisema, "La, hatakuja leo, atakuja kesho," ameufunga ukanushi kwa la mwanzoni, na kwa kesho mwishoni. Mzee aliyeketi kwenye kikao hata akiikosa ile h, hatakesha tena akingoja.