Kompyuta Inayoongoza Televisheni na Amplifaya: Yapasayo Kujulikana Kabla ya Kununua

Mtumiaji aliyeunganisha kompyuta na televisheni ili atazame filamu zake hujikuta, punde si punde, na rimoti tatu au nne mezani. Kompyuta hiyohiyo inaweza kupewa kazi ya kuviongoza vyombo vyote: filamu inapoanza, televisheni iwake na amplifaya ichague njia sahihi ya sauti, filamu inapokwisha, vyote vizimike. Jambo hili si lazima liwe ghali. Wengi, hata hivyo, hununua kwanza na kuuliza baadaye, na hapo ndipo fedha hupotea.

Njia iliyo nyepesi zaidi huitwa CEC. Huu ni mfumo wa amri zinazopita katika waya mmoja ndani ya kebo ileile ya HDMI inayobeba picha na sauti. Kila mtengenezaji huupa jina lake: Samsung huuita Anynet+, LG huuita SimpLink na Sony huuita Bravia Sync. Muuzaji akisema televisheni haina CEC, omba kuonyeshwa menyu ya mipangilio. Huenda mfumo upo ila umezimwa. Ugumu uko zaidi upande wa kompyuta. Kompyuta nyingi za kawaida zina tundu la HDMI, lakini hazipitishi amri za CEC, na kununua kebo ya bei kubwa hakutabadilisha hali hiyo. Kinachohitajika ni adapta ya USB iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi ina uwezo huo tangu kiwandani, na programu ya Kodi, inayopatikana bure, huutumia vizuri.

Kwa vyombo vya zamani hutumika kifaa kidogo cha USB kinachotoa mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, kama ufanyavyo rimoti. Sharti kiwe mkabala na chombo. Mlango wa kabati ukifungwa, amri haifiki. Kasoro kubwa zaidi ni kwamba kompyuta haipati jibu lolote. Rimoti nyingi zina kitufe kimoja cha kuwasha na kuzima. Mtoto akiizima amplifaya kwa mkono, kompyuta, ikidhani ingali inawaka, itatuma amri ya kuzima na kumbe itaiwasha, ikae ikila umeme usiku kucha. Kwa hiyo uliza kama chombo kinapokea amri mbili tofauti, moja ya kuwasha tu na nyingine ya kuzima tu. Vipo vyombo vinavyozitambua amri hizo ingawa vitufe vyake havimo katika rimoti.

Baadhi ya amplifaya na projekta zina tundu la RS-232 au huongozwa kupitia mtandao wa nyumbani. Njia hizi zina faida ya chombo kujibu kama kimewaka au la. Anayetumia mtandao abadilishe nywila iliyotoka kiwandani, wala asiifungue ruta yake ili vyombo hivyo vifikiwe kutoka nje ya nyumba.

Wapo wanaotafuta njia ya mkato kwa kukata umeme ukutani kwa swichi ya kujiendesha. Projekta yenye taa haipaswi kuzimwa hivyo, maana feni yake huhitaji kuendelea kuzunguka taa ipoe. Taa inayokatiwa umeme ikiwa ya moto yaweza kufa mapema, nayo ni kipuri cha gharama. Vivyo hivyo, fundi anayependekeza kufungua chombo ili aunge nyaya ndani aulizwe kwanza juu ya dhamana, kwani mara nyingi hukoma pale chombo kinapofunguliwa.

Dukani, omba adapta ijaribiwe pamoja na televisheni ya aina uliyo nayo, na namba ya modeli iandikwe katika risiti. Rimoti za awali zisitupwe: kuna mipangilio isiyofikiwa ila kwa hizo, na kompyuta ikiharibika waliomo nyumbani wataweza kutazama taarifa ya habari.