Istilahi za Sheria Ndogo Kuhusu Mbwa Wanaobughudhi Mifugo

Miongoni mwa magomvi yanayofikishwa mbele ya serikali za vijiji, ule wa mbwa aliyeingia zizini au malishoni na kudhuru mbuzi, kondoo au kuku wa jirani ni wa zamani, wala haujakoma. Kwa kaya yenye mbuzi watatu, mbuzi mmoja aliyeraruliwa ni hasara kubwa. Ni sare ya mtoto na mbegu za msimu ujao. Kifungu cha sheria ndogo kinachotungwa ili kumaliza ugomvi wa namna hiyo chaweza kuuzidisha, iwapo maneno yake hayakupimwa. Madhumuni ya makala haya ni kuyachambua maneno yatumikayo katika jambo hili, kuonyesha yanapotatanisha, na kupendekeza istilahi zitakazowafaa watungaji wa sheria ndogo pamoja na wafasiri.

Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, halmashauri ya kijiji inaweza kutunga sheria ndogo baada ya kupata maoni ya wanakijiji katika mkutano, nazo huanza kutumika zikiisha kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Kwa hiyo mwandishi wa kwanza wa sheria hizi si wakili, bali aghalabu ni mtendaji wa kijiji, naye huandika kwa Kiswahili. Aidha, tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria za Tanzania. Neno ambalo zamani lingeweza kusahihishwa kwa kutazama matini ya Kiingereza sasa halina budi kujitegemea.

Tuchukue kifungu hiki, tulichokitunga kwa ajili ya mfano tu: "Mbwa koko akisumbua mifugo atauawa, na mfugaji atatozwa faini." Kifungu kina maneno tisa, nacho chasomeka vizuri. Hata hivyo, tukikipima neno kwa neno tutaona kwamba karibu kila neno lina mlango wa kutorokea.

1. Mbwa koko

Kwa maana ya kwanza, mbwa koko ni mbwa wa vichakani na majalalani, asiyefugwa na mtu. Lakini katika mazungumzo ya mijini neno hilo hutumika pia kwa mbwa wa asili ya kienyeji, hata kama amefungwa kamba mlangoni pa mwenyewe. Basi mwenye mbwa wa kigeni aliyeua kondoo atasema, "Wangu si koko." Na mwenye mbwa wa kienyeji atasema, "Koko hana mwenyewe, mimi simo." Wote wawili watakuwa na kamusi upande wao.

Isitoshe, uchunguzi uliofanywa nchini Tanzania kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa umeonyesha kwamba mbwa wasio na mwenyewe kabisa ni wachache. Wengi tunaowaona njiani wana kaya zao, ila wameachwa watembee. Linalohitajika basi ni neno linalotaja hali ya mbwa, si nasaba yake. Neno mbwa mzururaji limekwisha kuzoeleka, nalo lafaa: ni mbwa aliye nje ya eneo la anayemfuga bila mtu wa kumdhibiti, awe ana mwenyewe au hana. Asiye na mwenyewe aitwe hivyo hivyo, mbwa asiye na mwenyewe.

2. Kusumbua

Kitenzi sumbua ni kipana mno. Mbwa abwekaye usiku husumbua, na mbwa alalaye njiani husumbua. Kwa upande mwingine, mwenye mbwa aweza kudai kwamba mbuzi asiye na jeraha hakusumbuliwa. Kumbe wafugaji wanajua kwamba kondoo mwenye mimba aliyekimbizwa aweza kutupa mimba bila kuguswa na jino, na ng'ombe aliyetishwa aweza kupunguza maziwa.

Waingereza walikabili shida hiyo hiyo. Sheria yao ya mwaka 1953 ya kulinda mifugo dhidi ya mbwa ilitumia neno la kawaida la lugha yao, kisha ikalifafanua: ni kushambulia mifugo, au kuikimbiza kwa namna inayotarajiwa kuleta majeraha, mateso, kutupa mimba au kupungua kwa mazao yake. Mwaka 1981 pakaongezwa hali ya mbwa kuachwa bila kudhibitiwa ndani ya uwanja wenye kondoo. Nayo Scotland, kwa sheria ya mwaka 2021, ililitaja tendo la kushambulia peke yake, kando ya lile neno la jumla. Funzo ni kwamba neno jepesi lisipewe mzigo mzito pasipo ufafanuzi.

Twapendekeza kubughudhi liwe neno la jumla, kwa kuwa lina maana ya kumchokoza asiye na kosa. Chini yake yawepo matendo mawili yanayotajwa wazi: kushambulia, yaani kuuma, kurarua au kuua, na kukimbiza, hata pasipotokea jeraha. Mbwa wa kuchungia, aliye kazini pamoja na kundi la mwenyewe, asihesabiwe kuwa anabughudhi. Vinginevyo tutawatia hatiani wachungaji wa Kimasai na wengineo ambao mbwa ndiye mlinzi wao.

3. Mifugo

Neno hili limetokana na fuga. Lakini mbwa naye hufugwa! Sheria ndogo isemayo "mifugo inayozurura itakamatwa" yaweza kudaiwa kuwa inamhusu mbwa pia, na isemayo "mbwa akidhuru mifugo" yaweza kudaiwa kuwa inahusu ugomvi wa mbwa wawili. Hatuna haja ya kubuni neno jipya. Yatosha sheria yenyewe itaje kwamba mifugo ni ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda, nguruwe, na ndege wafugwao, na kwamba mbwa na paka hawamo. Kuku wasisahauliwe, maana ndio mali ya wengi, hasa akina mama.

4. Atauawa

Hapa pana hatari ya kutenda jambo lisilorekebishika. Nani ataua, lini, na baada ya kuthibitisha nini? Baadhi ya wafasiri hutumia haribu au teketeza. La kwanza ni la vitu, la pili laleta picha ya moto. Yote mawili yaachwe. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 yakataza kumtesa mnyama, kwa hiyo istilahi iwe kuua bila mateso, na ije mwisho wa safu ya hatua, si mwanzo.

Hatua zenyewe zina majina: kukamata, kuzuilia, kumpa mwenyewe taarifa, na kumrudisha kwa malipo. Huko New Zealand, ambako usimamizi wa mbwa ni kazi ya halmashauri chini ya sheria ya mwaka 1996, mwenye mbwa aliyezuiliwa hupewa taarifa na siku saba za kumkomboa kabla halmashauri haijaamua kumtoa kwa mwingine au kumwua. Tutofautishe pia kufunga mbwa, yaani kwa kamba au mnyororo, na kumfungia bandani. Kiambishi kimoja chabadili wajibu wa mtu.

Pana pia suala la ugonjwa. Jina kichaa cha mbwa huwafanya wengine wadhani kwamba ugonjwa huo ni wa mbwa pekee, ilhali ng'ombe, mbuzi na binadamu huupata wakiumwa. Kifungu kimtake mwenye mnyama aliyeumwa amwarifu afisa mifugo mara moja, na mtu aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni na kwenda hospitali bila kungoja.

5. Mfugaji

Hili ndilo neno la hatari kuliko yote. Katika matumizi ya siku hizi mfugaji ni mtu mwenye ng'ombe, mbuzi au kondoo. Kifungu chetu, kikisomwa kwa matumizi hayo, chamtoza faini yule yule aliyepoteza mbuzi! Mmiliki nalo halitoshi, kwa sababu mbwa wa kijijini hana hati, na mara nyingi husemwa kuwa ni wa kijana wa nyumbani. Waingereza, katika sheria ya mwaka 1971, walimhesabu mkuu wa kaya kuwa mwenye dhamana iwapo mbwa ni mali ya mtoto wa chini ya miaka 16.

Twapendekeza mfuga mbwa: mtu mzima anayemiliki mbwa, au anayempa makao na chakula, au mkuu wa kaya anamolala mbwa huyo.

6. Faini

Faini huingia katika mfuko wa mamlaka. Fidia humfikia aliyepata hasara. Ada hulipwa kwa huduma, kama vile kuandikisha mbwa. Kifungu kinachotaja faini peke yake chamwacha mwenye mbuzi aende zake mikono mitupu, huku haki ikisemekana imetendeka.

Tena fidia yaweza kukwamishwa na swali la kujua. Sheria ya kimapokeo ya Uingereza, ambayo mahakama zetu zilirithi misingi yake, ilimtaka mlalamikaji athibitishe kwamba mwenye mbwa aliujua ukali wa mbwa wake. Bunge la Uingereza liliondoa sharti hilo kwa hasara ya ng'ombe na kondoo mwaka 1865. Mtungaji wetu naye aseme waziwazi analotaka.

Hitimisho

Kwa istilahi hizi, kifungu chetu chaweza kuandikwa upya hivi:

"Mfuga mbwa ambaye mbwa wake atabughudhi mifugo ya mtu mwingine, kwa kuishambulia au kuikimbiza, atamlipa mwenye mifugo fidia ya hasara iliyotokea, awe aliujua au hakuujua ukali wa mbwa huyo, na zaidi ya fidia hiyo atatozwa faini. Mbwa mzururaji atakamatwa na kuzuiliwa, na mfuga mbwa atapewa taarifa. Mbwa aliyezuiliwa hatauawa ila kwa uamuzi wa mamlaka husika baada ya ushauri wa afisa mifugo, na kwa njia isiyo na mateso."

Kifungu hiki ni kirefu kuliko kile cha kwanza, nacho hakina mapambo. Lakini mama aliyepoteza mbuzi aweza kukisoma akajua anachodai na anayemdai. Na mwenye mbwa aweza kukisoma akajua wajibu wake kabla jua halijachwa na mbwa hajatoka. Watendaji, maafisa mifugo na wasomaji wengine wenye maneno yanayotumika katika sehemu zao kwa mambo haya wanaombwa kuyaleta, ili yapimwe pamoja na haya yaliyopendekezwa.