Ajali Ina Kinga: Tunayojifunza Katika Wodi za Upasuaji

Tukimtembelea mgonjwa aliyegongwa barabarani, mara nyingi jamaa zake hutuambia, "Ajali haina kinga." Uchungu wao tunauelewa. Lakini sisi tunaozunguka wodi za upasuaji pamoja na wanajumuiya wenzetu tumeanza kuyatilia shaka maneno hayo. Wagonjwa wanafanana mno. Na jambo linalokuja kwa njia ile ile kila mara linaweza kuzuiwa.

Ni nani wanaolazwa?

Wengi ni wanaume vijana, wenye nguvu za kufanya kazi. Yuko mwendesha bodaboda, yuko abiria wake, yuko kibarua aliyekuwa akivuka kwenda zamu. Wenye magari yao ni wachache. Hali hii si ya Mombasa peke yake. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya nusu ya wanaokufa barabarani ulimwenguni ni waenda kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Hapa Kenya, mwaka 2023 pekee, barabara ziliua watu zaidi ya 4,300, na kundi kubwa lilikuwa waenda kwa miguu.

Kila sehemu ina hatari yake. Changamwe, matrela ya bandarini hupita kati ya watu wanaotembea kwenda kazini alfajiri na kurudi giza likiwa limeingia. Kisauni, barabara ya Malindi imepakana na masoko na vituo vya matatu, na watu huvuka popote. Likoni, feri ikishusha watu, matatu, tuktuk na bodaboda hugombea abiria mahali pamoja.

Mbona mguu?

Jeraha tunaloliona zaidi ni mguu uliovunjika, hasa mfupa wa muundi, chini ya goti. Bampa ya gari iko karibu na kimo cha goti la mtu mzima. Na aliyepanda pikipiki, mguu wake uko nje. Pikipiki ikibanwa na gari, mguu ndio unaokuwa katikati. Muundi nao kwa mbele umefunikwa na ngozi tu, kwa hiyo ukivunjika hutokeza nje kwa urahisi, na uchafu wa barabara ukaingia. Mgonjwa kama huyo ahitaji dawa ya kuua vijidudu mapema, ikiwezekana ndani ya saa moja, na jeraha lisafishwe katika chumba cha upasuaji. Akicheleweshwa, mfupa huoza.

Jeraha la pili ni la kichwa. Helmeti iliyofungwa vizuri kidevuni hupunguza hatari hiyo kwa karibu theluthi mbili. Ile inayoning'inia kwenye usukani haimsaidii mtu.

Madhara baada ya ajali

Msamaria Mwema hakuanza kwa kubeba. Alianza kwa kushughulikia vidonda. Sisi huwa tunamnyanyua majeruhi mbio mbio na kumkunja ndani ya tuktuk, kumbe mfupa ukichezacheza hukata mishipa ya damu. Basi tufanye hivi:

- Kandamiza panapotoka damu kwa kitambaa safi.
- Funga mguu uliovunjika kwenye ubao, au kwenye mguu ulio mzima.
- Usimkunje shingo wala mgongo.
- Piga 1199, namba ya dharura ya Msalaba Mwekundu.
- Kwa wa Likoni: anayetoka damu nyingi aanzie hospitali ya Likoni, atulizwe, ndipo avushwe.

Kuna na hatari nyingine. Kijana mmoja, mwendesha bodaboda, alitolewa hospitalini na jamaa zake, akapelekwa kwa fundi wa mifupa, akafungwa vijiti kwa nguvu. Vidole vikafa ganzi, halafu vikawa vyeusi. Aliporudishwa, mguu ulikatwa. Ana watoto wawili, na leo mkewe ndiye anayelisha nyumba kwa kuuza maandazi. Jamaa zake walimpenda, waliogopa bili. Kwa hiyo, yeyote aliyefungwa vijiti au plasta, akihisi ganzi, au vidole vikiwa baridi au vikibadilika rangi, arudi hospitali siku hiyo hiyo.

Habari ya fedha

Tusingoje ajali ndipo tujiandikishe na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Pia sheria inalazimisha kila gari na pikipiki barabarani kuwa na bima ya kuwalipa watu wengine wanaoumia. Andika namba ya gari, piga ripoti polisi, chukua abstrakti, na utunze karatasi zote za hospitali. Kesi ya fidia ifunguliwe kabla ya miaka 3 kwisha. Na mgonjwa asitie sahihi karatasi ya "kumaliza mambo" akiwa bado kitandani, kabla hajashauriana na mtu anayejua sheria.

Maswali ya kuzungumza katika Jumuiya

1. Ni mahali gani mtaani kwetu watu hugongwa mara kwa mara? Tumemweleza chifu au diwani?
2. Vijana wetu wa bodaboda wana helmeti mbili, yao na ya abiria?
3. Ni nani katika Jumuiya yetu anayejua huduma ya kwanza?
4. Ni familia gani jirani ina mgonjwa wa ajali, na tumewapelekea nini?