Issa: Mshairi wa Mizani 17

Mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili amezoea mshororo wa mizani 16, wenye vipande viwili vya mizani 8. Haiku, utungo mfupi wa Kijapani, kwa kawaida huwa na mizani 17 kwa jumla, zilizogawanywa 5, 7 na 5. Yaani shairi zima linauzidi mshororo wetu mmoja kwa mizani moja tu. Katika toleo hili tunamtazama Kobayashi Issa, aliyeingiza maisha yenye misiba mingi katika nafasi hiyo finyu.

Issa alizaliwa mwaka 1763 katika familia ya wakulima, kijijini Kashiwabara, katika mkoa unaoitwa leo Nagano. Mamake alifariki yeye akiwa mtoto mdogo. Baba alioa tena, na mtoto hakupatana na mama wa kambo. Mwaka 1777 alipelekwa Edo, ambao leo ni Tokyo, kujitafutia riziki. Huko alijifunza utunzi, na baadaye akajipa lakabu ya Issa, maana yake "kikombe kimoja cha chai".

Baba alipofariki mwaka 1801, Issa aliandika shajara ya siku zake za mwisho. Ukafuata mgogoro wa urithi baina yake na mama wa kambo na ndugu yake wa baba mmoja, ambao ulimalizika mwaka 1813. Mwaka uliofuata alioa, akiwa amepita umri wa miaka 50. Watoto wote aliozaa na mkewe, Kiku, walifariki wadogo. Binti yao Sato alifariki kwa ndui mwaka 1819, na msiba huo umo katika kitabu chake Oraga Haru, kinachochanganya nathari na haiku. Issa alikuwa Mbudha, na dini yake ilimfundisha kwamba dunia ni ya kupita. Hata hivyo, hakuficha kwamba moyo wa mzazi ulishindwa kutulia.

Kiku alifariki mwaka 1823. Mwaka 1827 nyumba iliteketea kwa moto, Issa akahamia ghalani, na humo akafariki Januari 1828. Mke wake wa mwisho, Yao, alikuwa mjamzito. Binti aliyezaliwa baadaye aliishi.

Issa aliacha haiku zaidi ya 20,000. Nyingi zinahusu viumbe wanaodharauliwa: inzi, viroboto, vyura, makinda ya shomoro. Huzungumza nao kama jirani na jirani, kwa lugha ya kawaida ya watu wa kijijini. Mtunzi chipukizi ajifunze hapo: jambo zito halidai msamiati mzito.