Nta au Silanti? Kulinda Rangi ya Gari Kabla ya Kusi

Gari la mtumba linaloteremshwa bandarini Kilindini aghalabu huwa limeshakula chumvi ya watu kabla halijaionja yetu. Huko Japani linakotoka, hasa Hokkaido na sehemu nyingine za kaskazini, theluji ikianguka barabara humwagiwa chumvi, ama ile ya kawaida ama kloridi ya kalsiamu. Maji ya chumvi hayagandi kwenye nyuzi 0 kama maji matupu, kwa hivyo barafu huyeyuka na magurudumu hayatelezi. Dereva husalimika, bati likaumia. Na kwa kuwa kiwango chetu cha KS 1515 hakiruhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, hesabu mwenyewe: gari hilo laweza kuwa limeshapita majira 7 ya baridi.

Ndiyo maana wenye magari wa nchi za baridi, kabla theluji haijaanguka, huosha magari yao wakayapaka nta au silanti. Hapa kwetu jambo hili hudhaniwa ni anasa ya matajiri, au ni mchezo wa vijana wa nganya wanaotaka gari ling'are mpaka utengeneze nywele humo. Mimi naona si anasa hata kidogo. Mjomba wangu ni dereva wa teksi na huvuka Likoni kila siku. Gari lake la kwanza lilibabuka rangi paani na kwenye boneti, likawa kama mtu mwenye choa. Kulipaka upya kulimla mapato ya zaidi ya mwezi mmoja, na mwezi huo ndio pesa zangu za chakula cha mchana zilizochelewa nikawa narudi nyumbani saa saba juani. Gari la pili amelinunua kwa mkopo wa sako ambao bado anaulipa. Basi rangi ya gari lile, wenzangu, ni chakula chetu.

Sisi hatuna theluji lakini tuna kusi. Upepo huu unapoanza kuvuma baada ya kaskazi kuondoka, bahari huchafuka na mawimbi hurusha vumbi la maji ya chumvi hadi barabarani. Pitisha kidole kwenye kioo cha gari lililolala karibu na ufuo usiku mmoja tu, kisha ulambe. Tulifunzwa katika kidato cha kwanza kwamba chuma kikikutana na hewa na maji hupata kutu. Chumvi huyafanya maji yapitishe umeme kwa wepesi zaidi, na kutu yenyewe ni kazi ya umeme mdogo mdogo unaotembea kwenye chuma. Kwa hivyo kutu ya Mombasa na kutu ya Hokkaido ni mtu na ndugu yake.

Tena sisi tuna adui ambaye Hokkaido hawamjui hivyo, naye ni jua. Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta, na jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Rangi ya gari la kisasa si tabaka moja. Chini kuna praima, kisha rangi yenyewe, na juu kabisa kuna klia, ile varnishi isiyo na rangi. Klia hiyo aghalabu ina unene wa maikromita 40 hadi 50, ilhali unywele wa binadamu una kama 70. Yaani kinachoitenga rangi na jua la saa sita ni kitu chembamba kuliko unywele! Mionzi ya jua isiyoonekana kwa macho huivunjavunja klia kidogo kidogo, ikafifia, ikaweka weupe, mwishowe ikabanduka kama ngozi ya nyoka. Angalia magari ya mtaani kwenu: paa na boneti ndivyo hubabuka kwanza, milango baadaye sana, kwa sababu paa na boneti ndivyo vinavyotazamana na jua.

Na kunguru je? Mji huu tumeachiwa kunguru, na mavi yao yana asidi. Yakiangukia boneti asubuhi na kukaangwa na jua mpaka alasiri, hula klia na kuacha alama ambayo haitoki kwa maji. Mwalimu mmoja hapa shuleni (sitamtaja, bado nataka alama zake) huegesha gari lake jeusi chini ya mwembe kila siku akidhani analifichia kivuli. Kivuli anapata, kweli, pamoja na utomvu na kunguru wote wa tarafa hii.

Sasa tuje kwenye dawa. Kwanza tuondoe mkanganyiko mmoja unaowakamata hata waosha magari: polishi si nta. Polishi ina chembe za kusugua, kama msasa laini mno. Huondoa mikwaruzo kwa kuipunguza klia yenyewe. Nta haipunguzi kitu, huongeza tabaka juu. Anayepiga gari polishi kila mwezi ili ling'ae anaimaliza klia kwa mikono yake, akilipia.

Nta ya nyuki tunaijua sote. Huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 hivi. Nta ya mafuta ya petroli, ile ya mishumaa, nyingi huyeyuka hata kabla ya hapo. Sasa fikiria lile gari jeusi: bati jeusi likisimama jua kali laweza kufikia nyuzi 70. Nta laini ikipakwa peke yake hapo hulainika, ikashika vumbi na kuondoka. Kwa hiyo mfalme wa nta za magari ni nta ya kanauba, ambayo huyeyuka kati ya nyuzi 82 na 86. Hii hutoka kwenye majani ya mti wa jamii ya mnazi unaomea kaskazini mashariki mwa Brazili. Nilipoambiwa habari zake nilifurahi mno, maana mti wenyewe unaishi penye jua kali na ukame, na nta hiyo ndiyo nguo yake ya kuzuia maji yasimtoke majanini. Watu hukata majani, huyaanika, kisha huyapigapiga mpaka nta ikatoka kama unga. Yaani mtu hulikinga gari na jua kwa kitu kile kile ambacho mti ulijitengenezea kwa ajili ya jua. Si ajabu sana kwetu, kwani wazee wa Pwani walipaka vyombo vyao sifa, yaani mafuta ya papa, na sehemu ya chini wakaipaka deheni ya shahamu na chokaa. Kila chombo na mafuta yake.

Silanti nayo ni ya kiwandani. Imeundwa kwa polima zinazojishikiza kwenye klia kwa nguvu zaidi kuliko nta. Uzuri wa nta ni mng'ao wake wenye kina, hasa juu ya rangi nyeusi, nyekundu au ya damu ya mzee. Mng'ao wa silanti ni mkali, wa kioo, na mwingine huuona mkavu. Lakini nta ya kanauba hudumu wiki kadhaa, ikizidi sana miezi 2 au 3, na silanti nzuri huweza kufika miezi 4 hadi 6. Kwa jua letu na kuoshwa kila siku, nawe usitarajie ule mwisho wa hesabu. Ipo pia mipako ya seramiki yenye silika, ndugu wa kioo, ambayo hudumu mwaka na zaidi, ila bei yake si ya dereva wa teksi, na ikipakwa vibaya haitoki ila kwa kusuguliwa.

Basi kwa gari la kazi, lililo jeupe, linalolala nje, mimi nachagua silanti bila kusita. Mwenye gari jeusi la kwenda harusini Jumamosi na achague kanauba afurahie. Anayetaka vyote viwili aanze na silanti, aiache ikauke kabisa, kisha apake nta juu. Akigeuza, yaani nta kwanza, silanti haitapata mahali pa kujishika.

Wakati ni mwezi wa Machi, kabla mvua za masika hazijapamba moto na kusi halijashika. Tena Septemba mwishoni, kabla ya lile jua la pili la utosini. Tatizo la silanti ni kwamba nyingi hutaka saa 12 hata 24 bila kuguswa na maji, na dereva wa teksi hana siku ya kulaza gari. Sisi hupaka jioni chini ya kibanda, bati likiwa limepoa kabisa. Gari huoshwa kwa shampuu ya magari, wala si sabuni ya unga, kwani ile ya kufulia ni kali na huibeba nta yote. Likishakauka, silanti hupakwa kwa sifongo, nyembamba sana, kipande kwa kipande, ikifanya ukungu hufutwa kwa kitambaa laini kisicho na mchanga. Tambara likianguka chini, bwana, usilirudishe kwenye rangi hata ukilipiga kofi mara mia. Chembe moja ya mchanga yatosha kuchora mlango mzima.

Wapo waosha magari wanaotia mafuta taa katika maji ya kufutia. Gari hung'aa kweli, wewe ngoja lifike Changamwe uone vumbi lilivyolikumbatia! Na mipira ya milangoni huharibiwa na mafuta hayo.

Kujua kama kinga bado ipo, mwagia boneti maji. Umewahi kuona jani la jimbi baada ya mvua? Maji hayalilowi, hujikusanya kama shanga na kuteleza. Jani hilo lina nta yake. Boneti yenye kinga hufanya vivyo hivyo, na maji yakianza kutandaa kama kwenye meza ya mbao, wakati wa kupaka umefika.

Lakini nta na silanti hulinda rangi tu. Kutu ile ya kutisha huanzia chini ya gari, kwenye chesisi na ndani ya madigadi, ambako hakuna anayepaka nta. Huko dawa ni maji baridi yasiyo na chumvi, mengi, yenye nguvu, angalau mara moja kwa wiki wakati wa kusi. Na anayekwenda kununua gari la mtumba alale chali atazame huko kabla hajatazama boneti.

Mahali palipopakwa rangi upya na fundi wa jua kali pasipakwe nta wala silanti mpaka zipite angalau siku 30, maana rangi mbichi huwa bado inatoa thina yake na ikifunikwa haikauki vizuri. Kopo la nta lisiachwe ndani ya gari juani, hukauka. La mjomba hukaa jikoni kwetu, chini ya meza, karibu na mtungi.