Ambulensi na Matatu Ndani ya Waya Mmoja

Mchukue mkaazi wa Kangemi anayepiga simu kuripoti moto. Ofisi inayoipokea hutumia simu za mtandao. Wakati huo huo, karani anatoa stakabadhi ya malipo na kompyuta nyingine inatuma picha za kamera za usalama hadi katikati ya jiji. Data zote tatu hupita kwenye kifaa kimoja, swichi, kisha njia moja ya kutoka nje.

Data husafiri kwa vipande vidogo viitwavyo pakiti. Njia ikijaa, pakiti hupanga foleni kwenye kumbukumbu ya swichi. Kumbukumbu nayo ikijaa, zinazofuata hutupwa.

Njia ya megabiti 10 kwa sekunde huhitaji takriban milisekunde 800 kupitisha megabaiti 1 ya picha. Sauti iliyo nyuma ya mzigo huo itangoja muda huo wote, ilhali Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, linapendekeza ucheleweshaji usizidi 150 upande mmoja. Jina la mtaa unaoungua linaweza kumezwa hapo.

Dawa yake ni alama ya kipaumbele. Kiwango cha 802.1p hutumia biti 3, hivyo kuna ngazi 8, kuanzia 0 hadi 7, na swichi huzigawa katika foleni tofauti. Ni kama Waiyaki Way jioni: ambulensi hupishwa, matatu husubiri. Karani hapotezi kitu, kwa sababu simu moja kwa kawaida haifiki hata kilobiti 100 kwa sekunde.

Kamera ni jambo jingine. Zikipewa ngazi ya juu kabisa bila kikomo, stakabadhi zinaweza kukwama kabisa, na watu kaunta wasijue kwa nini. Ndiyo sababu swichi nyingi huweza kupangwa zihudumie foleni kwa zamu, ya juu ikipata sehemu kubwa na ya chini isikose chake. Tena magari yote yakiwasha king'ora, ambulensi ni ipi?

Kipaumbele pia hakipanui barabara. Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu na intaneti ikawa ya polepole nchini. Swichi haiwezi kurudisha kasi iliyopotelea baharini. Huamua tu nani atumie iliyobaki.

Mwenye duka au zahanati Westlands au Kawangware anaweza kumuuliza fundi wake swali moja: simu na malipo viko foleni gani? Kuhifadhi nakala za faili kubwa kunaweza kungoja usiku.